Swali la mwisho: tunapima urembo au ung'eng'e?

Leo nina dukuduku la siku nyingi na nimeamua kulitoa hapa hapa. Atakayenuna na anune.

Tumeaminishwa kwamba taji la urembo linapatikana kwa sura, umbo, mwendo na nidhamu ya kambini. Danganya toto. Taji linapatikana katika zile sekunde thelathini za mwisho, MC akishachomoa kikaratasi na ukumbi mzima ukanyamaza. Na katika sekunde hizo, binti aliyekulia Mbinga, au kule chini ziwani Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, anakuwa ameshaliwa kabla hajafungua mdomo. Cha kusema anacho, tena kingi. Ila kaulizwa kwa lugha ambayo kaizoea kwenye daftari tu, na anatakiwa ajibu kwa lugha hiyo hiyo huku taa zinamchoma macho na kiatu cha kuazima kinambana.

Najua kuna watakaosema swali ni kachumbari tu, pilau yenyewe ni urembo. Haya, tufanye hesabu. Wanaanza labda kumi na tano, wanachujwa inabaki kumi bora, halafu tano bora. Wakishafika watano, walioteleza wote wameshatoka. Waliobaki wote wanatembea vizuri, wote gauni la jioni limewakaa, wote wanatabasamu mpaka mashavu yanauma. Jaji anayetoa alama kwa haki atawatofautisha kwa nusu alama hapa, robo alama pale. Sasa leta swali, ambapo mmoja atapata tisa na mwenzake atapata mbili kwa sababu alikwama kwenye neno la tatu. Vazi la ubunifu, onyesho la vipaji, wiki nzima ya mazoezi, vyote vimefutwa hapo. Na jaji naye ni mtu. Wakati anajumlisha, kinacholia kichwani mwake ni kile alichokisikia mwisho, pamoja na miluzi ya ukumbi. Ukumbi ukizomea, kalamu ya jaji nayo inalegea.

Halafu kuna ile bahati nasibu ya vikaratasi. Huyu anachomoa swali la kuambiwa ajielezee ndoto zake, yule anachomoa la mchango wa vijana katika uchumi wa taifa. Eti wamefanya mtihani mmoja!

Na hili si letu peke yetu. Mwaka 1994 kule India, Sushmita Sen na Aishwarya Rai walifungana alama kwenye fainali ya Miss India, ikabidi waulizwe swali la kuvunja sare. Rai akaulizwa akitafuta mume angependa awe na sifa za mhusika yupi kati ya wawili wa tamthilia za Kimarekani. Sen akaulizwa kuhusu urithi wa nguo na vitambaa wa nchi yake, akajibu akaanzia kwa Mahatma Gandhi na kitambaa cha khadi. Jamani! Mmoja kapewa mahali pa kuegemea historia ya taifa, mwingine kapewa masihara ya televisheni. Sen akashinda, akaenda Manila akatwaa Miss Universe. Yule aliyeshindwa na swali? Akaenda Sun City, Afrika Kusini, mwaka ule ule, akawa Miss World. Sasa niambieni lile swali lilipima nini.

Kuna na yule binti wa South Carolina kwenye Miss Teen USA ya 2007. Aliulizwa kwa nini Wamarekani wengi hawawezi kuonyesha nchi yao kwenye ramani ya dunia. Akajikanyaga, akaitaja Afrika Kusini, akaitaja Iraq, sentensi ikapotea njia, na dunia nzima ikamcheka kwenye intaneti. Huyo Kiingereza kanyonya nacho. Taa, kamera na saa inayokimbia vinaweza kumfunga mtu ulimi hata kwa lugha ya mama yake. Na pamoja na yote hayo bado alimaliza wa nne! Kwetu binti akikwama neno moja tu la kimombo, anashushwa jukwaani na wimbo juu.

Turudi nyumbani basi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Mbinga mjini kikazi, mwezi wa sita, baridi ile ya Mbinga ambayo wadau wa Dar hamuwezi kuielewa. Kukawa na shindano la urembo kwenye ukumbi mmoja hivi. Jina la ukumbi na la waandaaji naliacha, maana ninachokilaumu nimekiona sehemu nyingi na nisingependa wabebeshwe wao peke yao. Kulikuwa na binti mmoja kutoka ziwani, mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwendo kama hakanyagi chini. Ukumbi ulikuwa wake tangu raundi ya kwanza. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamejazana mlangoni walikuwa wameshampa taji zamani.

Ikafika tano bora. MC akamuuliza lile swali ambalo kwangu ndilo mtego wenyewe: "Utajibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

Nyie mnaokwenda kwenye haya mashindano mnajua kinachofuata. Ukisema Kiswahili, ukumbi unaguna. Si mguno mkubwa, ni ule wa "aaah" wa kukuonea huruma, ambao ni mbaya kuliko kuzomewa. Kwa hiyo hiari yenyewe si hiari. Binti akausikia mguno hata kabla haujatoka, akasema Kiingereza. Akaulizwa akiwa balozi wa mazingira atafanya nini. Akavuta pumzi, akasema ataielimisha jamii kuhusu umuhimu wa mazingira. Akakwama. Akarudia kwamba ataielimisha jamii. Kengele. Akaishia wa tano.

Aliyeshinda simlaumu, alikuwa binti mzuri na mnyenyekevu, kasomea ingilishi midiamu. Lakini nilinukuu jibu lake kwenye kijitabu changu na ninalo mpaka leo. Naye alisema ataielimisha jamii. Jibu lile lile, ila lilitoka na lafudhi, na ukumbi ukapiga makofi.

Kesho yake asubuhi nikamkuta yule binti wa ziwani stendi, anasubiri gari la Mbamba Bay, kajifunika kitenge mpaka masikioni. Tukanywa chai kwa mama ntilie. Nikamuuliza swali lile lile, ila kwa Kiswahili, na bila kengele. Wadau, nilisahau chai yangu.

"Kaka, kwetu watu wanavulia vyandarua," akasema. "Vile vya mbu. Vinakomba mpaka samaki wadogo kama kucha. Sasa wakubwa watatoka wapi?" Akanieleza kwamba dagaa wa Nyasa wanaanikwa mchangani, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo wanaoza na mama anatupa jasho lote. Ukijenga chanja ya miti ukaanika juu, hewa inapita chini, mchanga hauingii, na mnunuzi kutoka Songea anaongeza bei bila kubembelezwa. Kisha akahamia upande wa mama yake, ambao ni Wamatengo wa milimani. Akanieleza ngoro.

Kwa wadau wasiojua ngoro, shika hii. Milima ya Umatengo ina miteremko ambayo mtu wa bondeni akiiangalia anasema hapa halimi mtu. Wamatengo wanalima, karne na karne. Nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka zinafanya miraba. Udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Unabaki na shimo katikati na tuta kila upande, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni yanatulia, udongo haushuki bondeni, nyasi zinaoza zinakuwa mbolea. Juu ya matuta unapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, na kuchimba na kufukia ni kazi ya mwanamke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja na wenzao wa Japani miaka ya 1990 kuusoma huo ujuzi.

Yaani watu wamepanda ndege kutoka Japani kuja kujifunza kitu ambacho bibi yake huyu binti anakifanya kwa jembe la mkono. Na jana yake usiku tulimuuliza huyu huyu kuhusu mazingira, tukamnyima njia ya kutujibu, tukamwandikia kwamba hajui kujieleza. Hata magazeti yetu yana kichwa cha habari chake kimoja, nyie mnakijua: mrembo achemsha swali.

Mimi nauliza, aliyechemsha ni nani?

Tuangalie huyo mtu tunayesema hajui kujieleza. Nyumbani kaongea Kinyasa na Kimatengo. Shule ya msingi, Mtakatifu Kayumba kama wengi wetu, kasoma kwa Kiswahili miaka saba. Kaingia kidato cha kwanza, ghafla baiolojia, jiografia na historia vyote vimegeuka Kiingereza, mwalimu mwenyewe anaeleza kwa Kiswahili mlango ukifungwa. Kwa hiyo hapo jukwaani alikuwa anajibu kwa lugha yake ya nne. Aliyekwenda ingilishi midiamu tangu chekechea anajibu kwa lugha aliyoizoea tangu meno ya utoto. Halafu jaji anaweka alama kwenye safu iliyoandikwa "uwezo wa kujieleza". Hiyo safu tuipe jina lake halisi. Iandikwe "ada iliyolipwa na mzazi".

Kichekesho ni kwamba nchi hii imegombana kuhusu mashindano ya urembo tangu mababu. Theresa Shayo alitwaa taji mwaka 1967, baada ya hapo mashindano yakapigwa marufuku kwa hoja ya utamaduni, yakarudi 1994 Aina Maeda akashinda. Tangu yarudi tumebishana kuhusu vazi la ufukweni mpaka mapovu. Masheikh wamesema, maaskofu wamesema, akina mama wa mtaani wamesema. Mwaka 2007 Richa Adhia aliposhinda tukabishana kuhusu asili na rangi ya ngozi. Mwaka 2014 tukabishana kuhusu umri wa Sitti Mtemvu mpaka akalivua taji. Hoja ya utamaduni kila mara inaishia kwenye mapaja ya wasichana. Lugha, ambayo ndiyo utamaduni wenyewe, imekaa pale jukwaani inadhalilishwa kila mwaka na hakuna aliyeandamana.

Na tunadhalilisha lugha gani? SADC iliipitisha kuwa lugha yake rasmi Agosti 2019, tena kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam. UNESCO mwaka 2021 iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Mbunge anapitisha bajeti ya matrilioni kwa Kiswahili. Hakimu anakufunga miaka thelathini kwa Kiswahili. Ila kuvaa kitambaa cha kifuani kilichoandikwa jina la wilaya, hapo ndipo lazima uwe na ung'eng'e!

Sasa najua mtanijibu nini, maana nimeshabishana na nusu yenu. "Atakwenda Miss World, atazungumza lugha gani kule?" Mtanitajia Nancy Sumari, aliyetwaa Miss World Afrika 2005 kule Sanya, China. Sawa, dada yetu alitutoa kimasomaso na hakuna anayembeza. Lakini Miss Universe wana mkalimani pale pale jukwaani. Leila Lopes wa Angola mwaka 2011, São Paulo, alijibu swali la mwisho kwa Kireno, mkalimani akatafsiri, na taji akaondoka nalo. Angola, jirani zetu wa SADC! Flaviana Matata mwaka 2007 kule Mexico City aliingia kumi bora na kipara chake, akaishia hapo kabla ya swali la jukwaani, ambalo waliulizwa watano wa mwisho tu. Dunia ilimpenda bila kumsikia akijibu kikaratasi.

Na hata tukikubali kwamba wa taifa anahitaji Kiingereza, si ndiyo sababu ya kumfundisha akishashinda? Kutoka Mbinga hadi Songea ni kama kilometa mia. Kutoka Songea mpaka Dar ni siku nzima kwenye basi. Enzi za Hashim Lundenga ngazi zilikuwa wilaya, mkoa, kanda, ndipo taifa, na Ruvuma ilikuwa inapambana na Mbeya, Iringa na Rukwa kwenye kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Tangu 2018 Basila Mwanukuzi, aliyekuwa mshindi wa 1998, kachukua uandaaji na mambo kadhaa yamebadilika. Lakini waandaaji wa chini wakibaki na mtego ule ule, binti wa Liuli anakatwa wilayani, kwenye ukumbi ambao kuanzia jaji, mdhamini mpaka muuza karanga wote ni Waswahili. Tunamchuja kwa ajili ya safari ya London ambayo hata tiketi yake ya Songea hatujamkatia.

Kuna jingine mtanijibu, kwamba bila swali haya ni maonyesho ya miili tu. Hapo nakubaliana nanyi kabisa, na ndiyo maana sisemi swali liondolewe. Swali zuri linaweza kuwa kitu kizuri kuliko vyote usiku ule. Angalieni Miss Universe ya 2018 kule Bangkok. Watatu wa mwisho waliulizwa swali moja, wakivalishwa vifaa vya masikioni asisikie mmoja jibu la mwenzake. Swali lilikuwa ni funzo gani kubwa la maisha yao. Catriona Gray wa Ufilipino akaanza na kazi yake kwenye vitongoji duni vya Tondo, Manila, na jinsi alivyojifunza kutafuta uzuri hata mahali penye umaskini. Akashinda. Alitaja mahali anapopajua kwa miguu yake. Hivyo ndivyo yule binti alivyonijibu stendi, vyandarua, chanja na ngoro, sentensi moja baada ya nyingine kama anashona.

Hili la "nitaielimisha jamii" lenyewe limezaliwa na uoga wa lugha. Mtu asiyekuwa na maneno anakamata sentensi moja iliyo salama, anaikariri kambini, na ataitumia hata akiulizwa kuhusu mpira wa miguu. Mpe lugha yake, huo wimbo utakufa wenyewe.

Halafu tusijifanye watu wa ziwa hawakuwahi kushindana kwa unadhifu mpaka tulipowapelekea Miss. Nendeni mkaangalie mganda unavyochezwa, kijiji kikikialika kijiji kingine, wanaume wamenyooka na mavazi meupe hayana doa, hatua inapigwa kama gwaride. Nendeni mkaangalie kina mama wa kioda. Watu wanaangaliana usafi, mpangilio, madaha, na wazee wanajua nani kashinda bila kumuuliza mtu atafanya nini kupambana na umaskini kwa dakika nusu.

Kwa hiyo waandaaji wa wilayani na mikoani, nasema nanyi moja kwa moja, na najua baadhi yenu mnapita hapa. Ondoeni lile swali la "lugha gani". Swali liulizwe kwa Kiswahili, anayetaka kujibu kwa Kichina ruksa, lakini Kiswahili kisiwe kitu cha kuombewa radhi. Watano wote waulizwe swali moja, wengine wakae nyuma ya pazia. Wapeni dakika mbili, bia za ukumbini hazitaisha kwa dakika mbili. Na kwenye meza ya majaji, kati ya meneja wa mdhamini na yule msanii mliyemleta kutoka Dar, wekeni kiti kimoja cha mama wa kutoka Litembo anayelima ngoro.

Swali nawapa mimi, bure. Shamba lako lipo kwenye mteremko, mvua za masika zimeanza, una jembe moja na watoto watatu. Fanya nini?

Siku mkiliuliza hilo Mbinga nitakuja, na nauli kutoka Dar najilipia mwenyewe.